Mita Tisa za Mfinyanzi

3 Februari

Mpwa wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, mumeo na binti yenu. Sisi huku hatujambo. Goti la mama yako limepungua kuvimba, sasa anakwenda kisimani bila fimbo, na kila anayekutana naye lazima aelezwe kwamba fimbo ameiacha. Mkaza-mjomba wako anakusalimu. Masikio yangu ni yale yale. Mashine ya kuchimba visima imeyamaliza, na ndiyo sababu sikupigii simu. Tena neno la simu likishasemwa hakuna anayeweza kukuonyesha lilikosemwa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Jana nilikwenda ofisi ya mtaa, nikaona ramani mpya imebandikwa ukutani, juu ya meza ya mwenyekiti. Chini kabisa umeandikwa wewe kuwa mtayarishaji. Mtaa wetu wote umepakwa kijani. Nikamuuliza mwenyekiti kijani maana yake nini. Akacheka, akasema, "Mzee, kijani ni ruksa. Wataalamu wamepima, maji ya chini hayana wasiwasi." Ndipo akaniambia kwamba nyuma ya shule, upande wa juu wa visima vyetu vinane, litachimbwa bwawa la majitaka. Magari yanayonyonya vyoo vya mji mzima yatakuja kumwaga hapo. Chini ya bwawa halitawekwa zege wala plastiki, kwa kuwa ramani yako inasema haihitajiki.

Nakuuliza kwa adabu, na adabu yangu inakaribia kuisha: ulipima kwa chombo gani? Nyumba mia tatu zinakunywa maji ya visima hivyo, na moja ni ya mama yako. Ifute ramani hiyo.

Mjomba wako


20 Februari

Shikamoo Mjomba,

Hapa tu wazima. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele na anajivunia pengo kama cheo. Ofisi yetu imehamishiwa ghorofa ya nne na lifti imekufa, kwa hiyo kila asubuhi nafika mezani nikitweta. Mwambie mama asiiache fimbo.

Nimeisoma barua yako, nikaona umekasirika kabla ya kuniuliza. Acha nikueleze kazi ilivyo. Hatukupima kama maji yamechafuka. Tulipima kama uchafu ukimwagwa juu utayafikia upesi au utachelewa. Tunaangalia mambo saba: maji yako kina gani, mvua kiasi gani inapenya, udongo wa juu, mteremko, mwamba unaoshika maji, kasi ya maji ndani yake, na kile kilichopo katikati, baina ya uso wa ardhi na maji. Kila jambo lina alama zake. Tukijumlisha, chini ya mia moja na ishirini ni kijani, na kadiri alama zinavyopanda tunakwenda manjano, kisha nyekundu.

Huko kwenu maji yako mita kumi na nne tu, mvua ni nyingi na mteremko ni mdogo, kwa hiyo maji yanapenya badala ya kutiririka. Kwa hayo tu ningeanza kuogopa. Kilichowaokoa ni tabaka la udongo wa mfinyanzi. Nina fomu za uchimbaji za visima vyote vinane, na zote zinasema: mfinyanzi mnene, mita tisa. Uchafu haupiti hapo kwa urahisi.

Na fomu hizo, Mjomba, ni zako. Mwandiko wako niliujua kabla sijaona sahihi. Fomu za vikosi vingine vya uchimbaji nilizipunguzia uzito kwa kuwa zimeandikwa ovyo. Zako nilizichukua kama zilivyo.

Mpwa wako


1 Machi

Mpwa wangu,

Salamu za mama yako na za nyumba nzima. Mkaza-mjomba wako amepaka rangi mlango wa jikoni na sasa hatupiti bila kuchafuka mabega.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unanifundisha mfinyanzi, mimi niliyekufundisha kuusugua kwenye kiganja ili uutofautishe na tope. Wewe mtoto uliyekuwa ukilia ukiambiwa uchungulie kisima, leo unakipaka rangi ukiwa ghorofa ya nne.

Fomu ni karatasi ya miaka thelathini na minane. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa idara yenu aliyepiga hata jembe hapa kuhakikisha. Je, hiyo ndiyo kazi ya kitaalamu, kukaa kivulini na kujumlisha? Leta mashine, chimba mashimo matatu pale nyuma ya shule, utazame kwa macho yako. Ramani inayokataa kuchimbiwa hata mita tano haina haki ya kuruhusu watu wamwagiwe vinyesi juu ya maji yao.

Usiniulize zaidi ya hapo. Nimekuambia kijani hicho si cha kweli, na neno langu linatosha.

Mjomba wako


16 Machi

Shikamoo Mjomba,

Hatujambo. Lifti bado.

Nimepeleka ombi lako kwa mkuu wa kitengo, yule tunayemwita Bwana Muhuri kwa kuwa hakuna karatasi inayompita bila kugongwa. Hakuinua macho. Akasema, "Kuchimba upya ni bajeti ya mwaka ujao. Bwawa ni la mwaka huu. Una sababu gani ya kushuku fomu?" Nikasema kuna mzee mchimbaji anayeshuku. "Mzee yupi?" Nikasema ndiye aliyezijaza. Akaniangalia, akacheka mpaka akavua miwani. "Basi aseme alichokosea. Kama hajakosea, anashuku nini?"

Nilirudi mezani na ombi lile lile, Mjomba. Alinicheka mbele ya karani na mhudumu, na mimi nilikuwa nakutetea. Nipe sentensi moja tu. Kwa nini mfinyanzi uliouandika wewe mwenyewe hauaminiki?

Mpwa wako


6 Mei

Shikamoo Mjomba,

Hii ni barua ya pili naandika bila kupata jibu lako. Mama ananiambia kwa simu kwamba u mzima na unakula vizuri, ila ukitajiwa barua yangu unasema masikio yanauma. Barua haisomwi kwa masikio.

Basi nitasema mimi. Wiki iliyopita nilizitoa fomu nane nikazipanga sakafuni. Miezi yote nilikuwa nazisoma moja moja. Zikiwa pamoja niliona aibu ya kutozipanga mapema. Mfinyanzi mita tisa kamili, mara nane. Changarawe mita tatu na nusu, mara nane. Maji mita kumi na nne na robo, mara nane. Hata mahali ulipoandika kwamba mashine ilisimama nusu saa kwa kukatika mkanda, ilisimama nusu saa kwa kukatika mkanda mara nane.

Ardhi haina tabia hiyo. Visima viwili vilivyo hatua hamsini baina yake havifanani hivyo, na wewe ndiye uliyenifundisha.

Magari yataanza kumwaga tarehe mosi Julai. Sema.

Mpwa wako


14 Mei

Mpwa wangu,

Nyumbani hatujambo. Nakusalimu, nami sistahili kuitikiwa.

Mwaka ule tulichimba visima vinane kwa wiki tano. Kila mita moja, vifusi vilivyotoka tuliviweka kwenye kisanduku chenye vyumba, kila chumba na namba yake. Jioni mkuu wa kikosi, na ndiye mimi, hukaa na visanduku, huvisugua vifusi kwa vidole, kisha hujaza fomu. Kisima cha kwanza nilifanya hivyo. Mita zile tisa ni za kweli, kwa kisima kile kimoja, kilicho chini kabisa karibu na barabara.

Vile saba nilivichelewesha. Nilijiambia nitaandika vyote pamoja nikifika karakana. Njiani lori liliruka shimo na visanduku vikapinduka. Nilipofungua turubali nilikuta rundo moja la mchanga, changarawe na mfinyanzi, na namba zimetawanyika. Msimamizi alitaka fomu asubuhi yake. Niliichukua fomu ya kisima cha kwanza nikainakili mara saba, nikibadili namba ya kisima tu. Nilitumia mwandiko wangu mzuri. Zilisifiwa sana. Zilibandikwa ukutani karakana ili vikosi vingine vijifunze.

Na nisije nikajificha nyuma ya lori. Najua kilichokuwamo ardhini. Katika visima vya upande wa juu, meno ya mashine yalikuwa yakigonga changarawe kuanzia mita ya pili. Wakati huo nilikuwa bado nasikia, na nilisikia vizuri.

Ilikuwa mara moja tu. Sikukuambia kwa sababu nimefundisha wachimbaji ishirini na mmoja, na kila mmoja nilimwambia kwamba fomu ni kiapo.

Lakini hasira yangu juu ya hao wenzako haijapungua, na sitakubali kosa langu liwe kivuli chao. Sikiliza. Bwawa limekwisha kuchimbwa, mita nne kwenda chini. Mvua ya tarehe tano ililijaza hadi nusu. Siku ya tatu lilikuwa kavu kabisa. Shimo lenye mfinyanzi chini yake lingekuwa na vyura mpaka leo. Mkaguzi wenu alikuja na kofia yake ngumu, akalitazama, akaniambia, "Linakauka vizuri, mzee. Hapa hamtapata mbu." Nikamuuliza maji yamekwenda wapi. Akasema, "Si yamekauka?" Akaandika hivyo kwenye ripoti. Mtu amesoma miaka na miaka, akaona shimo linalovuja kama chujio, akalisifu.

Mjomba wako


28 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu nimelelewa kuiandika. Leo haikutoka moyoni.

Nilitaka kukuandikia mambo ambayo mpwa hamwandikii mjomba wake. Nimeyaandika, nimeyachana. Yamebaki mawili. La kwanza: fomu za watu wengine, zenye madoa ya mafuta na mistari iliyopinda, nilizidharau kwa ajili ya zako. Wale waliandika walichokiona. La pili: uliniacha nichekwe.

Nimefuta mita tisa kwenye visima saba, nikaweka changarawe, nikajumlisha upya. Alama zimetoka mia moja na kumi zikafika mia moja na themanini. Hiyo ni nyekundu. Maana yake kinachomwagwa nyuma ya shule leo kinaweza kuwa kwenye ndoo ya mama baada ya siku chache.

Nimeipeleka ramani nyekundu kwa Bwana Muhuri pamoja na barua yako. Alisoma yote, sikatai. Kisha akasema, "Dada, fomu iliyogongwa muhuri haifutwi kwa barua ya nyumbani. Leo nikikubali hii, kesho nitaulizwa za mitaa yote." Nikamwuliza je, kama za mitaa yote zina kasoro? Akasema, "Ndiyo maana siulizi."

Kwa hiyo nimefanya nisichoruhusiwa. Ramani nyekundu ndiyo hii iliyomo kwenye bahasha, imesainiwa nami. Ipeleke kwa mwenyekiti. Lakini ramani bila maelezo wataiita ugomvi wa ofisini. Wewe ndiye maelezo. Simama mkutanoni useme ulichoniandikia, kwa mdomo wako, mbele ya watu.

Mpwa wako


5 Julai

Mpwa wangu,

Sote wazima, isipokuwa mama yako hasemi nami. Chakula tunakula meza moja na chumvi ananipitishia kupitia mkaza-mjomba wako.

Mkutano ulifanyika tarehe ishirini Juni, ndani ya darasa la shule, watu wamekaa kwenye madawati ya watoto magoti yakiwa kidevuni. Nilisimama nikasoma yale niliyokuandikia. Nilipofika penye kunakili, mwenyekiti alinikatiza: "Mzee wetu amechoka, apewe kiti." Nikamwambia, "Sijachoka. Nimekuwa mwongo. Hayo ni mambo mawili." Hakuna aliyecheka. Fundi baiskeli wa pale njia panda, ambaye huniita Mwalimu, aliinamisha uso akatazama kucha zake hadi nilipomaliza.

Kisha mama yako akanyanyuka.

"Kaka, mimi nachota kisima kile miaka thelathini na minane."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unapita pale unaniona."

"Nilikuwa nakuona."

"Na vyoo vinachimbwa juu yetu, nyumba baada ya nyumba, unaona."

"Nilikuwa naona."

"Na kunisalimu unanisalimu."

"Nilikusalimu."

"Basi," akasema, akakaa. Mpwa wangu, nimewahi kufukiwa na kisima hadi shingoni, na sikuwahi kukosa pumzi kama pale.

Ile tarehe mosi, gari la kwanza lilikuja saa tatu asubuhi na kukuta mama yako ameketi katikati ya njia kwenye kiti cha plastiki, na nyuma yake mtaa mzima. Dereva akatoa kichwa dirishani. "Mama, mimi ni dereva tu." Akamjibu, "Na mimi ni mnywaji tu. Rudi nyuma pole pole, usigonge watoto." Dereva akarudi. Yamekuja magari manne, yote yamerudi. Ramani yako nyekundu tumeibandika juu ya ile ya kijani, na mwenyekiti hathubutu kuibandua.

Maji tunachemsha, kila nyumba. Wewe usiniambie kwamba nimefanya vizuri.

Mjomba wako


24 Julai

Shikamoo Mjomba,

Na leo imetoka moyoni.

Tumeshinda, kwa namna yao. Barua ya idara itawafikia wiki hii. Inasema bwawa la kwenu halitatumika "kwa sababu za kiutawala". Fomu hazitajwi. Wewe hutajwi. Mimi nimepewa onyo la maandishi na jukumu la kupanga majalada, na Bwana Muhuri ameniita akanisemesha kwa upole kuliko siku zote. "Tumemsamehe mzee wako. Ni tukio moja, lori lilipindua visanduku. Tulifunge jalada." Akanipa karatasi inayosema kwamba kasoro ilikuwa kwenye fomu hizo saba tu na kwamba kazi nyingine zote za mchimbaji huyo ni sahihi. Nimesaini, kwa kuwa uliniambia ilikuwa mara moja tu.

Bwawa limehamishiwa kwenye uwanda ulio nyuma ya zahanati, kilomita sita kutoka kwenu. Huko nako ni kijani. Mfinyanzi mita kumi na moja, fomu tano, mwandiko ni wako. Nimeziangalia haraka. Hazifanani neno kwa neno, mkanda haukukatika popote, nikapumua.

Niandikie mstari mmoja tu kwamba nilichosaini ni kweli. Nimechoka, Mjomba. Tumeokoa mtaa wetu. Naomba hilo litutoshe.

Mpwa wako


1 Agosti

Mpwa wangu,

Sisi wazima. Mama yako ameanza kusema nami, maneno mafupi.

Wamenisamehe. Nani aliwatuma? Sikuwaomba msamaha wao, wala si wao wanaokunywa maji yale. Wamenisamehe ili wasifungue kabati. Mtu anakuja kwao na mikono miwili juu, anasema nimewadanganya, nao wanamwambia kaa kimya, mzee, uongo wako tunauhitaji. Nimekaa na hasira hiyo siku tatu, na mwishowe nikaona kwamba nami nawasaidia, kwa neno moja nililokuandikia mwezi wa tano.

Haikuwa mara moja. Visanduku vilipinduka mara moja. Kunakili nilinakili kila nilipochoka, baada ya kuona zile saba zimesifiwa na hakuna aliyezisoma. Nilijifunza kubadili tarakimu kidogo kidogo ili zisifanane. Ndiyo sababu ulipumua.

Nenda kwa huyo Bwana Muhuri leo hii, uiondoe sahihi yako. Akikataa, niite. Nitapanda hizo ghorofa nne kwa miguu. Kabla ya hapo chukua kalamu, uandike ninavyokutajia.

Zahanati, visima vitano: cha kwanza kweli, vinne uongo. Bwawa lisimamishwe kabla gari halijafika.

Soko la zamani, visima vitatu: sikumbuki, kwa hiyo andika vyote uongo.

Shule ya ufundi, visima viwili: kweli, nilikuwa na msaidizi aliyeniogopesha kwa uaminifu wake.

Hospitali kuu ya hapo mjini kwenu, visima sita, vile vinavyoleta maji hadi kwenye bomba lako na la mwanao: kuanzia mita ya kumi sikuona chochote. Nilikuwa nimelala ndani ya lori, na fomu zote sita nilizijaza nilipoamka.

Mjomba wako